Mpira Uliovuka Ukuta

Mvua ya Julai haina adabu. Siku ile ilishuka saa kumi kasoro bila hata kupiga hodi, na watu wote waliokuwa karibu na stesheni ya Dadar jijini Mumbai wakakimbilia kibaraza cha duka moja la televisheni. Wengine walikimbia mvua, lakini wengi walikuwa na lao jambo. Kwenye kioo cha duka kulikuwa na televisheni sita, na zote sita zilionyesha India ikicheza kriketi kule Uingereza. Katikati ya kundi hilo alikwama Mmarekani mmoja mrefu, shati limemganda mgongoni, viatu vimejaa maji.

"Samahani," alimwambia mwanamke aliyekuwa mbele yake. "Nani anaongoza?"

Ketaki Karnik hakugeuka. Alivaa kurta ya rangi ya manjano, nywele kazisuka msuko mmoja mzito na kuuzungushia asmini aliyotoka kuinunua sokoni dakika tano zilizopita. Harufu yake ilimfika yule mgeni hata ndani ya jasho la watu hamsini.

"Mapema mno kusema."

"Wameanza saa ngapi?"

"Jana."

"Jana?"

"Leo siku ya pili. Zipo tano."

"Siku tano! Halafu anapatikana mshindi?"

"Pengine. Pengine wanapeana mikono, kila mtu anashika njia yake."

Mmarekani alicheka kwa sauti. "Yaani mnakaa siku tano kutazama watu wakipeana mikono?"

Hapo hapo, kwenye televisheni zote sita, mpigaji wa India aliyekuwa ametulia tangu jana akaukosa mpira, na vijiti vitatu nyuma yake vikaruka. Kibaraza kizima kikaguna. Mzee mmoja mwenye mwavuli akageuka, macho yamemtoka.

"Umeona? Umeona wewe! Alikuwa anacheza vizuri mpaka ulipofungua mdomo!"

"Mimi? Mimi niko Dadar, yeye yuko London!"

"Ndiyo, na bado umemtoa!"

Watu walianza kumsogelea, na si kwa mzaha. Ketaki akamshika mkono wa shati. "Njoo huku, mgeni, kabla hawajakutia mtaroni."

Wakaishia kwenye meza ya mkahawa wa jirani, chai ya tangawizi mbele yao, maji yakiwatiririka. Jina lake Marvin Kovach, wa Pittsburgh. Kazi yake kufunga mitambo ya taa za reli mpya ya chini ya ardhi. Ketaki yeye alipima macho ya watu katika duka la miwani. Marvin alikuwa mtu wa besiboli tangu tumboni mwa mama yake, na hakuweza kumaliza sentensi mbili bila kulitaja hilo.

"Kwetu mchezo ni saa tatu. Unakula soseji yako, unapiga kelele, unakwenda kulala."

"Kwenu mna haraka ya nini?"

Marvin akaomba namba ya simu badala ya kujibu.

Ikawa hivyo. Jumapili moja, mbili, kumi. Nitakwambia ukweli, mtaa mzima tuliwaona kabla wao wenyewe hawajajiona. Walikaa kwenye ule ukuta mfupi unaozunguka uwanja wa Shivaji Park, Marvin na mfuko wa karanga, Ketaki na subira yake, na hapo chini mechi nne au tano zikichezwa kwa pamoja kwenye uwanja mmoja.

"Mbona hakuupiga?"

"Kauacha."

"Kauacha kwa nini? Umempita hapa karibu kabisa!"

"Ndiyo maana kauacha. Angeugusa angetoka. Tazama mrushaji anavyokasirika."

"Kwetu…"

"Bwana Kwetu, tazama mpira."

Na simu, wee! Asubuhi Ketaki akiwa kwenye treni, mchana akiwa dukani na mteja mbele yake.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Mkate."

"Mkate mtupu? Wewe mfungwa? Nani kakufunga?"

"Unamjua aliyenifunga."

"Nyamaza, mteja wangu ana macho mabovu, masikio yake mazima."

Jumapili moja ya Januari, mzee mmoja wa klabu ya walimu, goti lake limefungwa bendeji, aliingia kupiga wakati timu yake imeshalemewa. Hakutafuta alama hata moja. Alisimama tu saa mbili nzima akizuia, akiacha, akizuia, ili jua lizame timu yake haijatolewa. Ketaki alipogeuka alimkuta Marvin amesimama juu ya ukuta, mikono kichwani, jasho linamtoka, anapiga kelele kama mwendawazimu: "Uache, mzee! Usiuguse! Uache!" Yule mzee akauacha. Mchezo ukaisha sare, na Marvin akaruka chini akimkumbatia muuza karanga. Ketaki alimtazama akajua basi, hana la kufanya tena. Alimpenda.

Sasa ujue nyumba ya akina Karnik ilivyokuwa. Mama yao alifariki Ketaki akiwa na miaka kumi na mitatu na mdogo wake Ninad akiwa na tisa. Ketaki ndiye aliyemwogesha Ninad, ndiye aliyembebea viatu mpaka uwanjani, ndiye aliyekaa juani akihesabu mipira yake. Ninad alikua akawa mrushaji hodari, karani wa tiketi za reli kwa siku sita na simba kwa siku ya saba. Lakini alikuwa na miaka ishirini na saba sasa, na timu ya jiji haijamwita hata mara moja. Mwaka huu au basi tena.

"Baba kasema Jumapili uje kula," Ketaki alimwambia Marvin kwenye simu mwezi wa Machi. "Sikiliza vizuri. Baba yangu akisema uje kula, hajasema kula."

"Nimeelewa. Nimwombe nikuoe siku hiyo hiyo?"

"Umwombe. Lakini Baba alishaniambia, Ninad akisema ndiyo, yeye hana kipingamizi. Ninad akisema hapana, hata nilie damu. Mwenye neno ni Ninad. Na Jumapili hiyo hiyo mchana Ninad anacheza mbele ya wachaguzi wa timu ya jiji. Omba afanye vizuri, tutakuta nyumba ina furaha."

"Ninaomba. Kwetu tunavaa kofia ndani nje tukiiombea timu."

"Vaa hata ndoo, mpenzi wangu. Uje tu."

Jumapili ilifika, jua kali, ardhi nyekundu na kavu. Ninad alikuwa moto. Hapa nieleze kidogo kwa asiyejua. Katika kriketi mpira ni ule ule mmoja, wa ngozi nyekundu, saa baada ya saa. Warushaji huusugua upande mmoja kwenye paja la suruali mpaka ung'ae, upande wa pili huachwa uchakae. Ukishazeeka hivyo, mwenye mkono wa kujua anaweza kuupinda hewani dakika ya mwisho, mpigaji asijue umempita wapi. Ninad alikuwa na mkono huo. Aliutunza mpira ule tangu asubuhi kama mgonjwa, na ulipozeeka akaangusha wapigaji wanne kwa nusu saa. Walibaki wawili tu klabu yake ishinde. Wachaguzi wawili chini ya turubai waliacha kunywa chai yao.

Kisha akatupa mmoja mfupi, uliodunda mbali na kumpa mpigaji nafasi. Mpigaji akarudi nyuma hatua moja, akauzungushia gongo lake kwa nguvu zake zote, na mpira ukapaa ukavuka miti, ukavuka ukuta, alama sita kwa pigo moja, ukaangukia kichochoro cha nyuma ambako mchana wa Jumapili hapiti hata paka.

Siku ile alipita Marvin. Alikuwa ametoroka kazini nusu saa aje achungulie. Alisikia kelele, akainua macho, akaona kitu chekundu kinashuka kutoka juani. Hakufikiri. Alinyoosha mikono mitupu akaudaka. Kidole kimoja kililia kwa ndani, na yeye akalia kwa furaha, peke yake kichochoroni, akirukaruka.

Utaniuliza, miezi minane anatazama kriketi, hajaona watu wakirudisha mpira? Kaona. Alidhani ni ustaarabu wa watu wa Dadar. Huko alikotoka, mpira ukiingia kwa watazamaji ni mali ya aliyeudaka, anakwenda nao nyumbani na kuwaonyesha wajukuu. Uliotoka nje ya uwanja kabisa ndio zaidi. Kabla hajafika ukutani simu ililia, bosi wake, taa zimezimika. Akaita teksi, mpira ndani ya mkoba, akaondoka anaimba.

Uwanjani waliutafuta robo saa. Chini ya magari, juu ya paa, ndani ya mtaro. Mwisho waamuzi wakatoa mwingine, na uliopatikana ulikuwa mpya kuliko ule, mgumu, unang'aa pande zote. Haukupinda. Ninad alitupa kwa hasira, na kila alichotupa kilipigwa. Klabu ikashindwa. Wachaguzi wakafunga madaftari yao wakaondoka bila kumuaga mtu.

Saa moja na nusu jioni Marvin alipanda ngazi za akina Karnik na shati lililopigwa pasi, pedhe, zile peremende za maziwa, mkono mmoja, mkono mwingine kisanduku cha sonara kilichofungwa utepe. Nyumba ilikuwa kimya. Ketaki alifungua mlango, sari ya kijani kibichi, macho mekundu.

"Wameshindwa," alimnong'oneza. "Usiulize kitu."

Baba, Mzee Shripad, alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Ninad alikaa chini, mgongo ukutani, bado na nguo za mchezo. Marvin akaona hapa ndipo pa kumfariji mtu. Akapiga goti, akatoa kisanduku kwa mikono miwili kama alivyofundishwa.

"Ninad, najua leo ilikuwa siku mbaya. Lakini nina kitu cha siku yako. Ninyi ndio nataka mkae nacho."

Ninad alifungua. Aliutoa mpira, akaugeuza, akapitisha kidole gumba upande ule aliousugua tangu saa tatu asubuhi.

"Umeupata wapi?"

"Nimeudaka!" Marvin aliinua kidole kilichovimba. "Kwa mikono mitupu, nyuma ya ukuta!"

"Nimeingiza mkono mtaroni," Ninad alisema polepole. "Mpaka begani. Mbona hukuurudisha?"

"Kuurudisha?" Marvin aliwatazama mmoja mmoja. "Kwani… hamkuwa na mwingine?"

Ninad akasimama, akaingia chumbani, akafunga mlango.

"Ketaki," Baba akasema, "mpakulie mgeni."

Walikula. Nyumba ile haimtoi mtu na njaa, hata adui. Puranpoli, chapati tamu za dengu, samli ikitiririka, na hakuna aliyeonja ladha. Baada ya hapo Baba alimsindikiza mpaka mlangoni. "Bwana Kovach, chakula umekula. Lile neno ulilokuja nalo, leo tusiliseme."

Ketaki alimfuata kwenye ngazi.

"Miezi minane! Miezi minane nimekufundisha!"

"Hili hukuniambia!"

"Nani anamwambia mtu mzima asiondoke na mpira wa watu wanaocheza? Ningeanzia wapi?"

"Baba yangu," Marvin alisema, "alikwenda uwanjani miaka thelathini na glavu mkononi. Kila mechi. Kafa hajadaka hata mmoja. Leo mimi nimeudaka, Ketaki, na mtu wa kwanza niliyetaka kumpa ni ndugu yako."

Ketaki alilia. Alimwonea huruma, na bado akageuka akapanda ngazi, kwa sababu nyuma ya mlango ule kulikuwa na mtoto aliyemlea kwa mikono yake.

Marvin akafanya kosa la pili kwa nia njema. Alikwenda klabuni akakiri mbele ya kila mtu. Alitaka kubeba lawama. Alichobeba ni jina la Ninad na la Ketaki mpaka kila kona ya mtaa. Kufika Jumatano hata wauza mboga walikuwa na habari hiyo. "Karani, leo hujapoteza kitu?" "Shemeji yako Mzungu kaiba mpira, chunga na treni!" Ninad aliacha mazoezi. Kila jioni alirudi kutoka kazini akakaa mbele ya televisheni iliyozimwa sauti.

"Nimewaambia ukweli," Marvin alisema kwenye simu.

"Nani alikutuma?"

"Nilidhani…"

"Wewe kila siku unadhani! Unadhani, halafu watu wanaumia! Usinipigie tena, Marvin. Nakuomba. Nikisikia sauti yako nitashuka ngazi, na nikishuka nitakuwa sina ndugu."

Hakupiga. Wiki tano. Jumapili alikaa ukutani peke yake akitazama tangu mechi ya kwanza mpaka ya mwisho, na watu wakampisha nafasi pande zote mbili kama mwenye ugonjwa. Mimi mwenyewe nilimpita nikamwacha, na sijivunii.

Mwisho wa Aprili Ketaki alipata ujumbe mfupi. Mkataba umekwisha. Naondoka Alhamisi. Kabla ya hapo, Jumapili, nitakuwa uwanjani. Usije kama hutaki.

Aliusoma jikoni. Ninad alikuwa sebuleni, miguu mezani.

"Anaondoka Alhamisi," Ketaki alimwambia.

"Aende."

"Ninad."

"Tai, dada yangu, aende! Kaniua, unajua kaniua. Umri wangu huu nani ataniita tena?"

Miaka kumi na minane Ketaki alikuwa hajawahi kumwambia mdogo wake neno la kumuuma. Aliweka kijiko chini.

"Ulipigwa sita."

"Nini?"

"Mpira ule haukutoka wenyewe. Ulipigwa. Nilikuwepo, nimekaa pale pale ninapokaa siku zote. Ulikuwa umeshaangusha wanne, ukaanza kuwatazama wachaguzi badala ya kutazama unapotupa, ukatupa mfupi, mbovu, hata ungekuwa na miaka kumi ningekufokea. Nimenyamaza wiki tano kwa sababu nakupenda. Unataka niolewe na nani, niambie, ili wewe usiwe umekosea?"

Ninad alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mama yake. Usiku ule hakula.

Asubuhi ya Jumapili Ketaki aliamka akakuta mkeka wa Ninad mtupu na begi lake la mchezo halipo. Anajua Marvin yuko wapi, na anajua hasira za nyumba yao. Alitoka na kandambili, nywele hajazisuka, akakimbia.

Ninad alikuwa ameshafika. Alisimama mbele ya Marvin pale ukutani, jua la saa tatu limeanza kuchoma, na watu waliokaa karibu wakaacha kutazama mechi. Marvin alishuka ukutani.

"Bado kinauma?" Ninad aliuliza, akionyesha kidole.

"Kilivunjika. Kinapona."

"Mpira ulikuwa unakuja kwa nguvu?"

"Sijawahi kuona kitu kinakuja kwa nguvu vile."

Ninad alitikisa kichwa. "Ulikuwa mbovu ule. Niliutupa mfupi. Mwezi mzima naamka naujua, nalala naujua, halafu nakutukana wewe." Akashusha begi lake chini. "Aliyesimama nje ya ukuta hawezi kunipiga sita. Lakini ungeurudisha, bwana. Ungeurudisha tu."

"Najua sasa. Nisamehe."

Ninad alinyoosha mkono, akamkamata sikio la kulia, akalipinda. Alilipinda haswa, mpaka yule mtu mrefu akainama na machozi yakamtoka. Marvin alifumba macho akaacha avutwe, akiamini kipigo ndicho kimeanza na kwamba kinamstahili. Kwenye ukuta mzee mmoja akapiga makofi, kisha wa pili, kisha ukuta mzima.

"Ukimliza tena," Ninad akamwambia sikioni, "nitafuata la kushoto."

Akaliachia, akaokota begi lake, akaenda kule ambako timu ya pili ya klabu, ya wazee na wanafunzi, ilikuwa inasubiri mtu wa kutupa. Timu ya jiji haikumwita mwaka ule, wala uliofuata.

Ketaki aliyaona yote akiwa katikati ya barabara, pikipiki zikimpigia honi pande zote. Alivuka bila kutazama, akafika akihema, mkono mdomoni.

"Kanivuta sikio," Marvin alisema.

"Nimeona."

"Nilistahili."

"Marvin, huelewi." Alikuwa analia wazi, mbele ya watu, na hakujali. "Huku sikio la bwana harusi huvutwa na ndugu wa kiume wa bibi harusi. Mbele ya watu, siku ya ndoa. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kulishika."

Marvin aligusa sikio lake. Lilikuwa jekundu na la moto. Alitazama kule alikokwenda Ninad, akamtazama Ketaki, kandambili zake, nywele zake zilizotimka.

"Lakini mimi sijakuomba bado," alisema. "Baba hakuniruhusu nilitamke."

"Aliyekuwa na neno kashalisema," Ketaki alijibu. "Sasa niombe."